Fundi Viatu Aliyetuletea Levo, na Mwenzake Aliyesahaulika

Leo naomba mnivumilie, maana siandiki habari za msanii gani kaachana na nani. Leo nina stori ndefu ya watu waliokufa, na ndani yake kuna deni langu mwenyewe. Nitalifikia huko mbele, msiniwahi.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye banda la gemu hapa Sapiwi. Kuna dogo mmoja, wa darasa la sita au la saba hivi, kashika simu ya kaka yake anacheza Free Fire, anawatambia wenzake: "Mi niko levo arobaini na mbili, nyie je?" Nikamuuliza, hiyo levo aliianzisha nani? Akanitazama kama nimemuuliza nani alianzisha maji. Mwenzake akadakia, "Wachina." Wa tatu akasema, "Ipo tu."

Haipo tu. Kuna watu walikaa kwenye meza na karatasi na penseli, enzi ambazo gemu la kwenye simu hakuna hata aliyekuwa analiota, wakaamua kwamba mtu wako wa kwenye mchezo ataanza akiwa mnyonge, ataokota uzoefu kidogo kidogo, halafu atapanda daraja moja, mawili, matatu. Wakaamua pia kwamba mtu huyo awe na pointi za uhai: akipigwa zinapungua, zikiisha amekufa. Ule mstari unaouona juu ya kichwa cha mchezaji wako unafupika kila ukipigwa risasi umetoka huko huko. Karibu kila gemu unalocheza leo limekopa kitu kwa hao watu, na wengi wetu hata majina yao hatuyajui.

Mchezo wao unaitwa Dungeons & Dragons, wenyewe wanaukatisha wanasema D&D. Hauhitaji umeme. Mnakaa wanne, watano, sita. Mmoja wenu ndiye msimuliaji: anawaambia mko wapi, mbele yenu kuna nini, nani amefungua mlango. Wengine kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, jina lake, nguvu zake, mali zake, na ndiye anayeamua mhusika huyo afanye nini. Unataka kupigana na simba? Sema. Unataka kumdanganya mlinzi kwamba wewe ni shemeji yake mtemi? Sema pia. Halafu unarusha dadu, dadu ndiyo inaamua umefaulu au umeumbuka. Hakuna mshindi. Stori inaendelea wiki ijayo, na mwezi ujao, wengine wanaenda nayo miaka.

Kwetu Wanyantuzu hili wala si geni sana. Guku wangu alikuwa anatusimulia kwenye shikome, ule moto wa jioni uani, moto wa mavi ya ng'ombe yaliyokauka, moshi unakufuata kila unapohamia. Tofauti ni moja tu. Kwenye shikome ukimkatiza mzee unakatwa jicho hadi unanyamaza. Kwenye D&D kumkatiza msimuliaji ndio mchezo wenyewe.

Sasa twende Marekani.

Mtu wa kwanza anaitwa Gary Gygax. Alizaliwa Chicago tarehe 27 Julai 1938, baba yake mhamiaji kutoka Uswisi aliyekuwa anapiga fidla. Akakulia mji mdogo unaoitwa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Shule aliacha kabla hajamaliza sekondari. Nilipofika hapo kwenye kusoma, nikasimama kidogo nikarudia mstari. Mimi nina cheti changu cha kidato cha nne chenye alama ambazo siwezi kuziweka hapa hadharani, kwa hiyo mnielewe nilivyojisikia.

Alipata kazi Chicago kwenye kampuni ya bima. Kila siku anapanda treni, anarudi jioni, na usiku anacheza michezo ya vita ya mezani: unapanga askari wadogo wa risasi au plastiki, unapima kwa rula wamesogea kiasi gani, unarusha dadu kujua nani kafa. Ilikuwa michezo ya watu wazima kabisa, wapenda historia, wanaoweza kubishana saa nzima kuhusu bunduki ya mwaka 1812. Mwaka 1968 Gygax akakodi ukumbi pale Lake Geneva akawaita wapenzi wa michezo hiyo wakutane. Wakaja. Mkutano ule unaitwa Gen Con, na hadi leo upo, umehama mji, unajaza watu maelfu kwa maelfu.

Mwaka 1970 akapigwa chini kazini. Ana mke, ana watoto watano. Alichofanya ndicho kilichonifanya niandike kichwa cha habari hivi: akajifunza kushona viatu. Chini ya nyumba yake kulikuwa na chumba, akaweka mashine ya viatu, mchana anatengeneza soli, usiku anaandika kanuni za michezo kwa taipureta. Mwaka 1971 yeye na mwenzake Jeff Perren wakatoa kijitabu kinaitwa Chainmail, kanuni za vita vya zamani vya mapanga na ngao. Mwishoni mwa kijitabu Gygax akachomeka kurasa za mazimwi, wachawi na majitu. Wakongwe wa michezo wengine walinuna. Vita vya kweli na mazimwi wapi na wapi?

Mtu wa pili ndiye leo nataka tumkazie macho. Dave Arneson. Alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1947, huko Minnesota, jimbo la jirani. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, naye anacheza vita vya mezani na kundi lake kwenye miji pacha ya Minneapolis na St. Paul. Kwenye kundi hilo kulikuwa na jamaa mwingine, David Wesely, ambaye mwaka 1969 alijaribu kitu cha ajabu. Badala ya kila mchezaji kuwa jenerali wa jeshi zima, akampa kila mmoja awe mtu mmoja tu ndani ya mji wa kubuni uitwao Braunstein: huyu meya, yule mkuu wa chuo, yule mwanafunzi mkorofi. Mchezo ukavurugika. Watu wakaanza kunong'onezana pembeni, kula njama, kukamatana. Wesely akaona kafeli kabisa. Wachezaji wakamfuata: lini tunarudia?

Arneson akaichukua mbegu hiyo akaipanda shambani kwake. Mwaka 1971 aliwaita wenzake nyumbani kwao. Walikuja wakitarajia vita vya Napoleon kama kawaida. Wakakuta mezani kuna kasri dogo la plastiki, na chini ya kasri kuna mashimo na njia ambazo Arneson peke yake ndiye anazijua, kachora ramani kaificha. Akawaambia: ninyi ni watu mnaoingia humo ndani. Mnafanya nini? Nchi ile akaiita Blackmoor.

Mwanzoni, kwa kufuata kanuni za vita, mtu akipigwa pigo moja amekufa. Wachezaji wakalalamika. Mtu umeshampenda, umempa jina, halafu kagonga mlango tu kafa? Arneson alikuwa na kanuni za vita vya meli za chuma, ambamo meli ikipigwa haizami hapo hapo, inavumilia mapigo kadhaa. Akazihamishia kwa binadamu. Hizo ndizo pointi za uhai. Halafu, kwa sababu watu walirudi wiki baada ya wiki na wahusika wale wale, akaona ni haki mhusika aliyepona aongezeke uwezo. Hizo ndizo levo. Dogo wa banda la gemu, kama kaka yako anakusomea, jibu lako ndilo hilo.

Mwishoni mwa 1972 Arneson na rafiki yake David Megarry wakafunga safari kwenda Lake Geneva kumwonyesha Gygax. Wakacheza usiku nyumbani kwake. Gygax akawaka. Akamwambia Arneson amtumie maandishi yake. Tatizo, Arneson hakuwa mwandishi. Kichwani alikuwa na dunia nzima, mkononi kurasa chache za kuparura. Gygax akakaa na taipureta yake akaandika kanuni kurasa 50, wakajaribu, akaongeza hadi 150. Watoto wake wawili wakubwa, Ernie na Elise, ndio waliokuwa wachezaji wake wa kwanza nyumbani. Na jina la mchezo lilichaguliwa na bintiye mdogo, alipomsomea orodha ya majina naye akalipenda hilo la mashimo na mazimwi.

Hawakupata wa kuwachapia kitu cha namna hiyo. Rafiki yake wa utotoni, Don Kaye, akakopa dola 1,000 kwa dhamana ya bima yake ya maisha, wakaanzisha kampuni, Oktoba 1973, wakaiita TSR. Akaingia na mtu wa tatu, Brian Blume, na dola 2,000. Januari 1974 mchezo ukatoka: vijitabu vitatu ndani ya boksi, dola 10, nakala 1,000. Maboksi walikuwa wanayapanga wenyewe kwa mkono. Kwenye jalada kuna majina mawili, Gygax na Arneson. Nakala zile ziliwachukua karibu mwaka mzima kuzimaliza. Kaye hakuyaona matunda. Tarehe 31 Januari 1975 moyo wake ulisimama, akiwa na miaka 36.

Naomba nichepuke kidogo kwenye dadu, maana hapo ndipo stori inaingia kijijini kwetu.

D&D haitumii dadu ya pande 6 tu kama ya ludo. Inatumia ya pande 4, ya pande 8, ya 12, na ile maarufu ya pande 20. Wakati ule zilikuwa hazitengenezwi kwa ajili ya michezo. Zilikuwa zinauzwa kama vifaa vya kufundishia hesabu shuleni, kuwaonyesha wanafunzi maumbo. Gygax na wenzake wakazinunua huko wakaziuza upya.

Mimi mara ya kwanza kuona dadu ya pande 20 ilikuwa miaka mitatu iliyopita, mkononi kwa kijana aliyekuja hapa msimu wa pamba kama karani wa mizani. Nitamwita Karani. Nilimwomba dada yake ruhusa ya kuandika jina lake, akakataa kwa upole, akasema mama bado hajapoa. Basi Karani. Jioni pamba ikishapimwa, yeye haendi kwenye pombe wala kwenye mpira. Anakaa kwenye benchi nje ya chumba alichopanga, anarusha dadu peke yake na kuandika kwenye daftari kubwa la kaunta. Mimi na wenzangu watatu tukamsogelea. Akatuuliza swali moja: "Mmefika kwenye pango, mlangoni kuna mzee kipofu anasuka kamba. Mnafanya nini?"

Tulicheza miezi tisa. Msimu wa pamba uliisha, akabaki, akapata kibarua kwenye duka la pembejeo. Nchi yake haikuwa na wazungu wenye ngao. Ilikuwa Ntuzu ya zamani sana, kabla ya barabara, yenye watemi, mapori ya simba, majabali yanayoongea usiku. Kanuni aliziprinti mjini Bariadi kutoka kwenye toleo la bure. Maana hizi kanuni za msingi siku hizi zinapatikana bure kihalali, na mwaka 2023 wenye mali waliziweka chini ya leseni huria, mtu yeyote anaweza kuzitumia hata kutungia mchezo wake. Zilizokuwa ngumu ni dadu. Moja aliivunja bodaboda alipoipita juu. Karani akamwendea fundi seremala, akamchorea umbo, fundi akacheka sana, lakini akachonga.

Sasa si mnajua kwetu. Vijana watano wamejifungia, taa ya simu, wanarusha vitu vyenye pembe nyingi, mmoja anatamka "wafu wanaamka". Wiki mbili hazijaisha, mtaani ikavuma tunapiga ramli. Wengine wakasema kamari. Na sisi tunatoka wilaya yenye Gamboshi. Ukienda Dar ukisema umetoka Bariadi, swali la kwanza mtu anakuuliza Gamboshi ni mbali na kwenu? Anataka kujua kama unapaa. Tunacheka, lakini si jambo la kucheka sana. Kanda hii bibi wa watu ameuawa kwa sababu macho yake mekundu, kumbe ni moshi wa mavi ya ng'ombe aliopikia miaka hamsini. Kwa hiyo mama yangu aliponiita akaniambia "mwanangu, hiyo michezo acha", sikumwona mshamba. Alikuwa anaogopa vitu anavyovijua.

Ndipo Karani akanisimulia kwamba hata Marekani ilitokea. Nikabisha, nikaenda kusoma, kweli. Mwaka 1979 kijana wa miaka 16 aliyekuwa anasoma Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan alitoweka. Mpelelezi wa kukodiwa akatoa wazo kwamba labda kapotelea kwenye mahandaki chini ya chuo akicheza D&D. Magazeti yakalibeba hivyo hivyo. Ikaja kujulikana kijana alikuwa na matatizo yake mazito ambayo hayakuwa na uhusiano na mchezo, lakini uvumi ulikuwa umeshapanda basi. Miaka ya 80 makundi ya kidini na wazazi waliofiwa wakaushambulia mchezo kwamba unafundisha uchawi na kuita mashetani. Mwaka 1983 mama mmoja aliyempoteza mwanawe aliunda chama kizima cha kuupinga. Gygax akaitwa kwenye televisheni kujitetea, akapokea vitisho. Na kila walivyozidi kuupiga vita, maboksi yakazidi kuuzika.

Nyumba ya pesa nayo ikaanza kuungua kutoka ndani. Na hapa ndipo mimi nina ugomvi kidogo na mzee wangu Gygax, pamoja na kwamba nampenda.

Arneson aliajiriwa TSR mwaka 1976, hakumaliza hata mwaka, akaondoka. Kuanzia 1977 kampuni ikaanza kutoa toleo jipya, kubwa, wakaliita Advanced, na kwenye jalada jina ni moja, Gygax. Hoja yao ilikuwa kwamba huu ni mchezo mwingine kabisa, kwa hiyo mrabaha wa Arneson haugusi huku. Mwaka 1979 Arneson akaenda mahakamani. Wakasuluhishana Machi 1981, Arneson akatambuliwa, akapata fungu lake. Lakini kutambuliwa kwenye karatasi za mawakili na kutambuliwa na watu ni vitu viwili. Ukimuuliza mcheza gemu wa kawaida nani baba wa D&D, anakwambia Gygax. Arneson anatajwa kwenye "na wenzake".

Kuwa mkweli, bila Gygax tusingekuwa na kitu. Blackmoor ingeishia kwenye chumba kile cha Minnesota na kufa na wenyewe. Gygax ndiye aliyekaa na taipureta, ndiye aliyehangaika na pesa, ndiye aliyekuwa na mdomo wa kuuza. Na dunia humkumbuka aliyeandika. Ila mimi naona kuandika cha mwenzako, hata ukiongeza nusu nzima ya kwako, hakukufanyi uwe peke yako.

Yeye mwenyewe akaja kuonja. Oktoba 1985, baada ya vita vya hisa ndani ya ofisi, akaondolewa kwenye uongozi wa kampuni aliyoianzisha. Meneja aliyemleta mwenyewe, Lorraine Williams, alikuwa amenunua hisa za ndugu wa Blume. Gygax akaenda mahakamani akashindwa, na mwaka uliofuata akatoka kabisa. Mtu aliyeshona viatu ili mchezo uishi, sasa mchezo una wenyewe. Mwaka 1997 TSR ikauzwa kwa kampuni ya Wizards of the Coast.

Wasukuma tuna kisa kinachofanana na hiki. Katikati ya karne ya 19 kulikuwa na waganga wawili mabingwa wa mbina, Ngika na Gumha. Walishindana nani zaidi, nani ana dawa kali, nani anavuta watu. Wafuasi wao wakawa makundi mawili, Bagika na Bagalu, na hadi leo baada ya mavuno makundi yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, huku hawa na kule wale, na aliyejaza watu ndiye mshindi. Nyoka, fisi, masanamu ya mbao, kila mbwembwe. Wangepatana wale wazee wawili, pengine leo tusingekuwa na lolote la kutazama mwezi wa saba. Ila angalia: kila kundi limebeba mtu wake. Hakuna aliyemezwa na mwenzake.

Gygax alifariki tarehe 4 Machi 2008, nyumbani Lake Geneva, ana miaka 69. Wacheza gemu duniani walilia kwa namna yao. Wachora katuni wa mtandaoni walichora. Watu wakakaa mezani wakarusha dadu ya pande 20 kwa heshima yake. Baada ya mazishi, familia na marafiki wakakusanyika ukumbini wakacheza michezo, na kukusanyika huko kukawa mkutano wa kila mwaka unaoitwa Gary Con, hapo hapo Lake Geneva. Matanga ya kucheza. Sisi huku tungesema hawana adabu, lakini nikiwaza vizuri, kumlilia msimuliaji kwa kukaa kimya ndiyo ingekuwa ajabu.

Arneson alifariki mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Aprili 2009, kwa saratani, ana miaka 61. Karibu hadi mwisho alikuwa amefundisha vijana kutunga kanuni za michezo kwenye chuo cha Full Sail huko Florida. Habari yake ilitangazwa pia, watu wakamlilia pia, ila kelele zilikuwa ndogo.

Deni langu sasa.

Karani aliugua ghafla mwaka jana, mwezi wa nne, siku chache tu, akafariki. Walimsafirisha kwao. Sisi wanne tulichanga nauli akaenda mmoja wetu. Daftari la kaunta likabaki kwangu, kwa sababu wiki ile lilikuwa zamu yangu kunakili ramani.

Mwezi wa nane niliweka hapa hapa kisa cha mzee kipofu anayesuka kamba mlangoni mwa pango, ambaye kila akifunga fundo mtu mmoja mahali fulani anamsahau mama yake. Wadau mliipenda mno. Kuna dada aliandika kwamba amelia. Mwingine akaniuliza nina kipaji hiki tangu lini. Mimi nikajibu "asanteni, Mungu ni mwema." Sikusema kingine. Sentensi nyingi ni zangu, niliziandika usiku kwa usiku, nakiri hilo bila aibu. Ila mzee kipofu ni wa Karani. Kamba ni ya Karani. Fundo na mama ni vya Karani, na sasa najua alivitoa wapi.

Wenzangu waliiona. Mmoja hakunisemesha wiki tatu. Alipokuja kunisemesha aliniambia neno moja tu: "Na pango nalo utasema ni lako?" Nikajitetea kwamba daftari lina mwandiko wake lakini haliandikiki kama lilivyo, mtu mwingine hawezi kulielewa, lazima mtu alikalie alinyooshe. Niliposoma habari za Gygax na Arneson nikakuta utetezi wangu umeshatumika, tena na mtu mwenye mawakili.

Kwa hiyo nimebadilisha kile kisa. Nendeni mkaangalie, juu yake sasa kumeandikwa kwamba dunia na mzee kipofu vimetungwa na marehemu Karani, mimi nimeandika. Siku mama yake akipoa, nitaliweka jina lenyewe. Daftari nimelipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kurasa 118, na nakala nimempelekea dada yake. Aliniuliza mle ndani kuna nini, nikamwambia ni mchezo. Akaniuliza, "Ndiyo zile alizokuwa anatusumbua nazo tukiwa wadogo?" Nikamwambia nadhani ndizo.

Jumamosi hii tunaendelea kwa mara ya kwanza bila yeye. Tulibishana nani awe msimuliaji, mwisho tukarusha dadu ya mbao, ile ya seremala, ambayo ina upande mmoja mzito na inapenda kuangukia 3. Imemwangukia yule aliyeninunia. Mhusika wangu yupo ndani ya pango, amebakiwa na pointi nne za uhai, kamba imemfunga mguu wa kushoto. Ukurasa wa mwisho wa Karani unaishia hapo hapo, katikati ya mstari.